Wakili Anapoacha Kujitegemea

Msomaji mpenzi, hebu tuanze na jina. Kwetu Tanzania wakili mwenye ofisi yake, au aliyeungana na wenzake wakafungua kampuni ya mawakili, huitwa wakili wa kujitegemea. Jina hilo limezoeleka mno, magazetini na mahakamani, hata hatulisikii tena. Lakini lisikilize vizuri. Fundi cherehani mwenye kibanda chake hatumwiti fundi wa kujitegemea, wala mwenye duka la rejareja hatumwiti muuzaji wa kujitegemea, ingawa wote wawili hawana bosi. Wakili tumempa neno zito, neno lile lile la Azimio la Arusha la mwaka 1967, kana kwamba kazi yake haiwezi kufanyika sawasawa kama amemwegemea mtu.

Sasa wakili huyo huyo akiajiriwa na benki, au kampuni ya simu, au mgodi, jina linabadilika palepale. Anakuwa mwanasheria wa kampuni. Kujitegemea kumebaki mlangoni kama viatu vya mgeni. Swali langu ni hili: je, kilichobaki mlangoni ni jina tu, au kuna kitu kingine kimebaki nalo?

Mtaani swali hili halina wateja. Wakili akitoka kwenye ofisi ya mawakili akaingia benki, watu husema keshaula, basi, mjadala umefungwa. Mshahara unaingia tarehe ile ile kila mwezi. Bima ya afya ipo. Jioni anafunga kompyuta anakwenda zake, wakati wenzake aliowaacha bado wanakesha na hati za madai. Nani atamlaumu? Heshima haipikiki ikalika na maharage. Lakini mimi naona watu wa mtaani wanasoma upande mmoja tu wa daftari.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya, ndiyo maana unanikuta kwenye kurasa hizi. Sheria kidogo niliyo nayo niliipata kwa miguu. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya mawakili hapa Dar es Salaam. Nilipeleka mafaili masjala ya Kisutu na Mahakama Kuu, nikasubiri mihuri, nikawanunulia chapati na chai ya rangi mawakili vijana ambao hawajalala. Siku hizi nyaraka nyingi zinasajiliwa kwa mtandao, na nadhani matarishi wengi wamekwisha. Tarishi ni mtu asiyeonekana, na mtu asiyeonekana huona mengi.

Niliona kwamba wakili wa kujitegemea ana wateja wengi na hana mmoja wa kumfia. Leo anamtetea mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji. Wiki ijayo anamtetea mpangaji mwingine dhidi ya mwenye nyumba mwingine, na sauti ni ile ile, joho ni lile lile, hata vifungu vya sheria anavyovitaja ni vile vile ila amevigeuza kichwa chini. Sisi wa nje tunaita huo ukinyonga. Mimi nami niliuita hivyo miezi ya kwanza, halafu nikaanza kuuona kwa jicho jingine. Kwa kuwa si wa mwenye nyumba wala si wa mpangaji, anaweza kumwambia yeyote kati yao ukweli wa shauri lake. Nilipata kumsikia wakili mmoja mzee, mlango ukiwa wazi, akimwambia mteja: "Hati ya kiapo ya namna hiyo mimi siiandiki. Chukua faili lako." Mteja akachukua faili lake, akaondoka anatukana ngazi zote tatu. Ofisi ilipoteza mteja mmoja katika wateja zaidi ya arobaini. Usiku ule wakili yule alikula ugali wake kama kawaida.

Sheria nayo inamsaidia. Inamhesabu wakili kuwa ofisa wa mahakama, maana yake ni kwamba hata akilipwa na mtu wa namna gani, juu ya mlipaji yupo jaji ambaye haruhusiwi kumdanganya. Ana mabwana wawili, na mabwana wawili wakikabana, mtumishi hupata nafasi ya kupumua.

Lakini msomaji usinielewe vibaya, sitaki kuwapaka mawakili wa kujitegemea rangi ya malaika. Pango la ofisi halilipwi kwa heshima. Kuna ofisi ambazo mteja mmoja mkubwa ndiye nusu ya mapato, na hapo kujitegemea kumebaki kwenye kibao cha mlangoni. Na huko kwenye kampuni kubwa za mawakili za London na New York, wakili huandika muda wake kwa vipande vya dakika sita sita, kila kipande kina mteja wa kukilipia. Mtu anayelipwa kwa dakika ana sababu ya kuongeza dakika. Kwa hiyo hata yeye ana bosi, bosi mwenyewe ni saa ya ukutani. Tena kuna kasoro nyingine ambayo naiona kubwa zaidi: wakili wa nje huitwa nyumba ikishaungua. Anakuja na ndoo wakati paa limeshadondoka, halafu kazi yake inakuwa kueleza kwa nini paa lile lilistahili kudondoka.

Mwanasheria wa kampuni yupo wakati njiti ya kiberiti inawashwa. Hapo ndipo penye utamu na sumu ya kazi yake.

Riwaya na filamu tulizokulia zinamwonyesha mwanasheria amesimama. Amesimama mbele ya hakimu, kanyoosha kidole, watu wameguna. Sijakutana na riwaya ya Kiswahili ambayo mwanasheria wake amekaa kwenye kiti cha magurudumu, katika chumba chenye kiyoyozi, anasikiliza mkutano wa watu tisa kuhusu bidhaa mpya. Hakuna hakimu, hakuna upande wa pili. Yule atakayeumia na bidhaa hiyo hajaalikwa, pengine bado hajainunua. Hakuna anayesema "napinga, mheshimiwa". Kuna muhtasari wa kikao tu, na katika muhtasari huo sentensi moja inaweza kuandikwa au kuachwa. Mimi nikifika siku ya kuandika riwaya yangu nitaanzia katika chumba hicho.

Vikao vya kampuni za kwetu havitoki nje, kwa hiyo nichukue mfano wa mbali ambao kila kitu chake kiliwekwa hadharani. Kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilitengeneza magari madogo, mojawapo likiitwa Chevrolet Cobalt, yenye swichi ya kuwashia iliyokuwa legevu. Goti likigusa funguo, au mshikio wa funguo ukiwa mzito, gari lilijizima likiwa mwendoni. Likizimika, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva haifumuki. Wahandisi wa kampuni walianza kuliona tatizo la gari kuzimika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kampuni ilianza kuyaita magari hayo yarudi kutengenezwa mwezi Februari 2014. Hatimaye yakafika takriban milioni 2.6. Mfuko wa fidia uliofunguliwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124.

Sasa wanasheria walikuwa wapi? Ripoti ya mwanasheria Anton Valukas, iliyotoka Juni 2014, inajibu. Wanasheria wa kampuni walikuwa mezani. Kesi za ajali zilikuwa zinawajia moja moja, nao wanazimaliza moja moja kwa kulipa. Kila kesi ilikuwa na faili lake na bajeti yake. Mashauri ya chini ya dola milioni 5 hayakuhitaji kumfikia mwanasheria mkuu wa kampuni, na kwa hiyo hayakumfikia. Mawakili wa nje waliokodiwa kutetea kesi hizo ndio walioandika kuonya kwamba jambo hili likifika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, kampuni inaweza kupigwa fidia ya kuadhibiwa, si ya kulipa hasara tu. Onyo likasomwa. Likawekwa kwenye faili. Ripoti inaeleza hata tabia iliyokuwa maarufu mle ndani: watu mezani wanatikisa vichwa kukubali kwamba hatua ichukuliwe, halafu wanatoka chumbani na hakuna hata mmoja mwenye nia ya kuichukua. Kampuni iliachisha kazi watu 15, na miongoni mwao walikuwamo wanasheria.

Mtu anaweza kusema, hao walikuwa watu wabaya. Mimi siamini. Ukiisoma habari yenyewe huoni mtu aliyekaa akapanga kuua. Unaona watu waliofanya kazi yao vizuri, kwa kipimo cha kazi yao. Kazi ilikuwa kumaliza kesi kwa bei nafuu, na waliimaliza. Mkosi ni kwamba mtu anayemaliza moto mdogo kila siku kwa ustadi ndiye wa mwisho kuuliza ni nani anayewasha.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lenyewe: mwanasheria wa kampuni, mteja wake ni nani hasa?

Jibu la haraka ni bosi. Bosi ndiye aliyemhoji siku ya usaili, ndiye anayesaini likizo yake, ndiye aliyemwita ofisini akamwambia kwa upole, "Mwanasheria, tusaidie hapa." Lakini jibu la sheria si hilo. Sheria inasema mteja ni kampuni yenyewe, na kampuni ni mtu. Hii si methali, ni hukumu. Mwaka 1892 mtengeneza viatu mmoja wa Whitechapel, London, Aron Salomon, aliligeuza duka lake kuwa kampuni. Wanahisa walikuwa saba: yeye, mkewe na watoto wao watano. Hisa karibu zote zilikuwa zake. Kampuni ikafilisika, wadai wakasema kampuni gani hapa, huyu ni Salomon yule yule. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo, mwaka 1896, ikakataa. Ikasema kampuni ni mtu mwingine, Salomon ni mtu mwingine, hata kama mkono unaosaini ni mmoja. Mahakama zetu za Afrika Mashariki zinaitegemea hukumu ile hadi leo. Na huko Marekani, kanuni za mfano za chama cha mawakili wao zimeandika wazi tangu mwaka 1983 kwamba wakili wa taasisi anamtumikia taasisi, si mkurugenzi wala meneja.

Tafakari jambo hili, msomaji. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kwamba mtu ni utu, na utu unauona usoni. Mwenye njaa unamjua kwa kumtazama. Mwanasheria wa kampuni anaambiwa kinyume chake: mteja wako hana uso. Hana macho ya kukutazama ukimsaliti, hana mama wa kukulaumu msibani. Wenye nyuso ni hawa unaokula nao chakula cha mchana, walioimba na kukata keki siku yako ya kuzaliwa, ambao mmoja wao amechangia harusi ya mdogo wako. Hawa ndio wakati mwingine unatakiwa uwakatalie, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mimi sijui kazi nyingine nyingi zinazodai uaminifu wa namna hiyo. Labda mdhamini wa mirathi anayelinda haki ya mtoto ambaye bado yuko tumboni.

Na hapo ndipo watu wengi wanachanganya maneno mawili, uaminifu na utii. Bosi anataka utii na anauita uaminifu. Mwanasheria aliyemwambia bosi "hapana, hili litaiumiza kampuni" ameonyesha uaminifu uliovunja utii. Aliyenyamaza ameonyesha utii uliovunja uaminifu. Lakini tarehe 30 ya mwezi huyu wa pili ndiye anayeitwa mtu wetu.

Wazungu wa Ulaya wamelitazama jambo hili bila haya. Mwaka 2003 wakaguzi wa sheria ya ushindani waliingia katika ofisi za kampuni ya kemikali ya Akzo Nobel huko Uingereza wakachukua nyaraka. Miongoni mwake zilikuwamo barua pepe mbili kati ya meneja na mwanasheria wa kampuni, ambaye alikuwa wakili kamili, amesajiliwa Uholanzi. Kampuni ikapiga kelele: hizo ni siri za wakili na mteja! Kesi ikaenda miaka hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 14 Septemba 2010 mahakama ikasema hapana. Sababu yake inauma. Ilisema wakili aliyeajiriwa, hata kama ana leseni na anafungwa na maadili yale yale, hawezi kuwa huru kwa mwajiri wake kama alivyo huru wakili wa nje. Kwa hiyo, katika uchunguzi wa namna ile, maandishi yake hayapewi kinga ile ile. Yaani mahakama ilimtazama msomi mwenye kiapo ikamwambia: hatukushuku wewe, tunashuku kiti chako.

Nilipoisikia hukumu hiyo kwa mara ya kwanza, nilisimama upande wa majaji. Siku hizi nakubali nusu. Maana kuna kesi nyingine ya kule Marekani inayoivuruga hesabu yote, nayo ni ya kampuni ya nishati ya Enron. Mwaka 2001, kabla haijaanguka, ndani yake alikuwamo mwanasheria aliyeajiriwa, Jordan Mintz, ambaye alitilia shaka biashara ambazo mkuu wa fedha alikuwa akifanya na kampuni kupitia mifuko yake mwenyewe. Alimwandikia mkurugenzi mtendaji akitaka saini yake katika fomu za kuidhinisha biashara hizo, saini haikuja. Alikwenda hata kutafuta ushauri wa mawakili wengine wa nje ambao hawakuwa wa siku zote. Na mawakili wa siku zote, kampuni kubwa na ya kujitegemea kwa jina, Vinson & Elkins, walipoombwa mwaka huo huo wachunguze malalamiko ya mfanyakazi mmoja, waliona hakuna haja ya uchunguzi mpana zaidi. Enron ilikuwa mteja wao mkubwa. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron iliomba ulinzi wa kufilisika. Basi niambie, hapo nani alikuwa wa kujitegemea, aliyekuwa ndani au waliokuwa nje?

Kwa hiyo ukuta wa ofisi si kitu. Kitu ni kama unaweza kusema hapana na kesho yake bado ukawa na pa kusimama.

Sasa niseme la nyumbani, kwa sababu makala haya hayakuzaliwa maktaba. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa wakili wa kujitegemea kwa miaka sita. Miaka miwili iliyopita akaingia benki moja kuwa mwanasheria wao. Siri za kazini kwake sizijui, na hata angetaka kunisimulia ningeziba masikio, maana siri za mteja si umbea. Ninachokijua ni kile kinachosikika mezani tunapokula.

Zamani alikuwa anasema, "Mteja wangu anadai mzigo ulifika umelowa." Lile neno "anadai" nililipenda. Ndani yake kulikuwa na nafasi, kama uwazi unaoachwa kati ya mlango na sakafu. Alikuwa tayari kumpigania mteja hadi mwisho, lakini hakuwa tayari kulowa naye. Siku hizi simu ikiita anasema, "Sisi tulishawaandikia." "Sisi hatukuchelewa." "Wanatuonea." Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Neno limeingia lenyewe kama mchanga kwenye viatu.

Siku moja nikamwambia, kwa utani lakini si utani sana, "Dada, siku hizi unasema sisi."

Alitafuna kwanza. Halafu akasema, "Ulitaka niseme wao? Nikisema wao, mdogo wangu, nani ataniita kwenye kikao?"

Nikanyamaza. Akaendelea, na nimeyaandika maneno yake siku ile ile: "Nikiwa wakili wa nje nilikuwa naletewa karatasi imeshasainiwa, kazi yangu kuifutia damu. Sasa naletewa ikiwa bado ni penseli. Kuna vitu vimefutwa na raba, na hakuna mahakama itakayojua viliwahi kuandikwa."

Jibu hilo sijaweza kulivunja. Naona ndilo jibu bora ambalo mtu wa ndani anaweza kulitoa, na wale wanaoidharau kazi hii, wanaoiita ya makarani wenye suti, hawajalisikia. Mema ya wakili wa mahakamani yana hukumu, yana tarehe, yanaandikwa gazetini. Mema ya mwanasheria wa ndani ni ajali ambayo haikutokea. Hakuna anayeitwa jukwaani kupewa maua kwa ajali ambayo haikutokea. Kama angekuwapo mwanasheria mmoja tu kule General Motors aliyekusanya yale mafaili ya vifo akayaweka juu ya meza moja, pengine mwaka 2006, leo asingejulikana na mtu. Watu kadhaa wangekuwa wanaendesha magari yao kwenda kazini bila kujua kwamba wanadaiwa shukrani.

Lakini jibu la dada lina nusu ya pili ambayo hakuisema. "Sisi" ndilo neno linalofungua mlango wa kikao, na ndilo hilo hilo linalofumba macho ukishaingia. Huwezi kuupata ufunguo bila kupewa na kitambaa. Hongo ya waziwazi unaiona inakuja, ina bahasha, unaweza kuikataa na kujisifu. "Sisi" haina bahasha. Inakuja kwa keki, kwa fulana yenye nembo siku ya michezo, kwa bosi kukuuliza hali ya mama yako na kuikumbuka wiki ijayo. Haya yote ni mema. Mtu asiyeguswa nayo atakuwa ana jiwe moyoni, na mwanasheria mwenye jiwe moyoni hafai ndani wala nje.

Basi afanyeje? Wako wanaosema dawa ni sheria. Baada ya Enron, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2002 sheria iliyoagiza wakili wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa akiona uvunjaji mkubwa wa sheria apande ngazi: amwambie mwanasheria mkuu au mkurugenzi mtendaji, akipuuzwa aende hadi kwenye bodi. Ni sheria nzuri. Lakini ngazi haimpandishi mtu, mtu hupanda mwenyewe, na swichi za General Motors zilikuwa barabarani miaka yote ile sheria hiyo ikiwa kitabuni.

Mimi nadhani dawa iko mahali pa chini zaidi, mahali ambapo wanafalsafa hawapendi kwenda, yaani kwenye matumizi ya nyumbani. Mtu anayeweza kuacha kazi Ijumaa na akalipa kodi ya nyumba ya miezi sita ijayo, huyo anaweza kusema hapana Alhamisi. Asiyeweza, hapana yake itatoka imepakwa asali, kisha itapungua kuwa "labda", kisha itakuwa kutikisa kichwa. Ujasiri ni fadhila, sawa, lakini fadhila hii ina ankara. Dada amelijua hilo mapema kuliko mimi. Ada ya leseni yake ya uwakili anailipa kila mwaka ingawa mahakamani haendi. Joho lake limetundikwa kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, na mara mbili kwa mwaka analianika uani, juani, watoto wa jirani wakiuliza kama amefiwa.

Na hapa hesabu inanifikia mimi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hawakutuachia methali ya wale wa kwao wanaokula hadi mchumaji anashindwa kusimama. Chumba ninachoandikia makala haya ni chumba cha uani nyumbani kwake. Umeme wa LUKU ananunua yeye. Wadogo zetu wawili wako sekondari kwa jina lake. Tukisema dada awe mkweli kazini, tuseme pia ni nani kati yetu aliye tayari kurudi kijijini kwa ajili ya ukweli huo. Katika familia nzima sijasikia mtu akiuliza. Tunachouliza ni lini atapandishwa cheo. Nimeanza kupeleka hadithi redioni na kusahihisha tasnifu za wanafunzi kwa malipo, nipate kulipa hata maji, lakini hesabu bado inaegemea upande wake, na ulioegemewa huo ndio uti wa mgongo tunaotaka usipinde.

Mezani kuna fomu. Ni ya mkopo wa nyumba wa wafanyakazi. Benki nyingi zina mikopo ya aina hiyo: riba yake ni ndogo kuliko ya mtu wa mitaani, inakatwa kwenye mshahara kwa miaka mingi, na mfanyakazi akiondoka, ule unafuu unaondoka naye au deni lote linaitwa. Mama mkubwa ana kiwanja Kibaha, na tofali zake zimeota majani. Kwa mkopo ule nyumba inapanda mwaka huu huu, bati hadi juu. Mama mkubwa ana miaka 68, magoti yamechoka, nyumba anayopanga choo kiko nje.

Kila Jumapili baada ya ibada anapiga simu kuuliza. Dada anamjibu kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Bado naisoma." Huyu ni mtu anayelipwa kusoma mikataba, aliyepata kusoma mmoja wa kurasa 90 kwa usiku mmoja nikimpelekea kahawa. Fomu ile ina kurasa tatu, na huu ni mwezi wa nne.